Jina la Mpwa Wangu Limefunga Mawili

Mimi sina ugomvi na mpira. Ugomvi wangu ni na basi la kutoka Dodoma linaloingia stendi ya Manyoni asubuhi ya siku ya fainali. Siku za kawaida basi hilo hushusha watu wa kawaida: mama na ndoo zake za plastiki, mwanafunzi na tranka, mzee aliyekuja kudai hela yake ya ng'ombe. Siku ya fainali hushusha vijana wa miraba minne, begi dogo mgongoni, njumu zimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni, wanaulizana huu mji unaitwaje. Ukimsikia mmoja anamuuliza muuza karanga kama hapa ni Manyoni au bado ni Bahi, msalimie kwa heshima. Huyo ndiye nahodha wa timu ya kata yenu.

Fainali yenyewe ilikuwa ya kombe la ng'ombe, na anayelicheka jina hilo hajawahi kuona watu wazima wakinuniana kanisani kwa ajili yake. Bingwa anapewa dume la ng'ombe, wa pili mbuzi, wa tatu mipira miwili na maneno ya kutia moyo. Kata yetu ilifika fainali, na tulipangiwa kata ya jirani ambayo sitaitaja, kwa kuwa mama mkwe wangu anaishi huko na safu hii huwa anasomewa kwa sauti.

Kabla ya mechi walikuja nyumbani watu wa kamati, wakiongozwa na katibu. Huyu katibu nilimfundisha hesabu darasa la sita. Hakuwahi kunipa jibu sahihi hata la kubahatisha, na sasa ndiye anayeshika fedha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Mwalimu naye! Hata hatujakaa."

"Kaeni. Mnataka nini?"

Walitaka mchango wa kambi. Nikauliza kambi ya nani, ilhali golikipa anaishi nyuma ya mashine ya kusaga, beki namba tano ni fundi baiskeli, na winga wa kulia, ambaye ni mpwa wangu, analala sebuleni kwangu na kuamka saa nne. Katibu akakohoa. Akasema kuna maboresho ya kikosi. Mtanzania akisikia maboresho, mkono wenyewe unakwenda mfukoni kuhakikisha pochi bado ipo.

Nilitoa elfu tano na jogoo. Hela nimeshaisahau. Jogoo sijamsahau. Watu wanaofunga safari ya Dar es Salaam kupitia huku wanajua kuku wa kienyeji wa Singida ni kitu gani, na huyu wangu alikuwa wa kupigiwa mfano, anawika saa kumi na moja kasoro bila kukosea hata siku za mvua. Alikwenda kambini akiwa mzima. Habari zake za mwisho nilizipata kwa mama aliyekuwa anapika: mapaja yote mawili alipewa straika.

"Straika gani? Straika wetu si yule kijana wa bodaboda?"

"Huyo alikuwa anakuna nazi, Mwalimu. Straika ni yule wa Dodoma."

Jioni hiyohiyo mpwa wangu akarudi nyumbani na begi lake.

"Mjomba, nimeachwa."

"Umeachwa kwenye kikosi?"

"Hapana. Jina langu limo. Mimi ndiye nimeachwa."

Akanieleza, na alinieleza kwa utulivu ambao ulinitia hasira zaidi. Kanuni za kombe zinasema mchezaji awe mkazi wa kata, awe na barua ya mtendaji na picha ndogo, na orodha ilifungwa kabla mashindano hayajaanza. Kwa hiyo mgeni akiletwa katikati ya safari hawezi kuingia na jina lake. Lazima aazime. Kamati ikakaa, ikatazama majina yote, ikaona la mpwa wangu ndilo linalomfaa straika, maana hata umri walikuwa hawajapishana sana, miaka minane au tisa hivi.

"Na picha je?"

"Picha ile ilipigwa kibandani umeme umekatika, mjomba. Hata mimi mwenyewe sijitambui."

Nikavaa viatu nikamfuata katibu. Nilimkuta kwenye kijiwe cha kahawa, anamenya karanga za wenzake. Nikamwambia mbele ya watu kwamba hao ni mamluki, na kwamba timu ya kata iliyojaa watu wasioijua kata haina tofauti na harusi ya kukodi bwana harusi. Nilidhani nimemmaliza. Akafuta mikono, akanitazama kwa huruma, akasema:

"Mwalimu, kwani Singida yenyewe inachezaje?"

Hapo alinishika pabaya, na alijua. Maana mimi ni miongoni mwa watu wa mkoa huu wanaosema "sisi" kwa mdomo mpana kila Singida inaposhinda, na "wale" kila inapofungwa. Singida United ilipopanda Ligi Kuu na kuanza kutamba msimu wa 2017/18 chini ya Mholanzi Hans van der Pluijm, ilikuwa sisi. Juni 2018 ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, ilikuwa sisi mpaka Mtibwa Sugar walipotulaza 3-2, halafu ikawa wale. Mwaka 2020 wale wakashuka daraja.

Tukapata timu nyingine, na safari hii hata jasho la kupanda nayo daraja hatukulitoa. DTB ya Dar es Salaam ilipanda Ligi Kuu mwaka 2022, ikavuliwa jina na kuvishwa lingine, ikawa Singida Big Stars. Pluijm akarudi. Mbrazili Bruno Gomes akaja, na wazee waliokuwa hawajawahi kumkosea adabu mgeni wakaanza kumwita "kijana wetu". Ikamaliza ligi ikiwa ya nne. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate, na kabla fulana za mashabiki hazijapauka ikafungasha virago ikahamia Babati, mkoa wa Manyara, jina la Singida ikaliacha njiani. Hatujamaliza matanga, mwaka 2024 ikaingia Ihefu kutoka Mbarali, ileile iliyovunja mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kufungwa Novemba 2022, ikabatizwa Singida Black Stars. Timu tatu ndani ya miaka saba. Mtu akiwa na ndoa za namna hiyo wazee wa ukoo wanaitisha kikao.

"Sasa Mwalimu," akasema katibu, "Septemba 2025 Black Stars walipowafunga Al Hilal ya Sudan wakabeba Kombe la Kagame, ulishangilia au hukushangilia?"

Nilishangilia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Lakini nikamjibu kwamba hayo ni mambo mengine. Hilo ndilo jibu la walimu wote duniani pale swali linapokuwa kubwa kuliko kitabu.

Na kweli ni mambo mengine. Clatous Chama alipovaa jezi ya Singida hakuacha kuwa Chama wa Zambia. Wale watatu wa Black Stars, Keyekeh wa Ghana, Bada wa Ivory Coast na Camara wa Guinea, Januari 2025 Uhamiaji walitangaza hadharani kwamba wamepewa uraia wa Tanzania. Nchi nzima ilibishana, redio zikabishana, lakini karatasi zilikuwepo na kila mtu alibaki na jina alilopewa na mama yake. Hakuna aliyemwambia Keyekeh kuanzia leo wewe ni Juma wa Utemini. Wao walipata uraia kwa sheria. Wa kwetu walipata uzawa kwa soda.

Halafu kuna jambo la Liti. Uwanja wa Singida mjini tulioujua kwa jina la Namfua siku hizi unaitwa Liti, jina la yule mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliwapinga Wajerumani kwa kuwaachia nyuki. Nilimuuliza katibu: Liti alikodi nyuki? Alikwenda Tabora kutafuta nyuki wenye uzoefu? Alitumia wa hapahapa, wa mizinga ya hapa, na Mjerumani alikimbia na bunduki yake. Watu wa kijiweni wakaitikia. Mzee mmoja hata akagonga meza. Nikajiona nimepata upepo, nikaongeza mfano wa Ireland.

Waairishi si watu wa mbali kwetu. Masista kutoka Ireland ndio waliojenga hospitali ya Makiungu miaka ya 1950, na wapo watu wazima katika mkoa huu waliopokelewa duniani na mikono ya masista hao. Huko kwao wana mpira wao wa asili, wanaudaka, wanaupiga teke, wanaukimbiza, wachezaji 15 kila upande. Magoli yana nguzo ndefu: ukiupitisha juu ya mwamba unapata pointi, ukiuingiza chini kwenye nyavu unapata pointi tatu. Chama chao cha michezo kiliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles. Nchi wameigawa majimbo manne, Ulster, Munster, Leinster na Connacht, na kila jimbo lina fainali yake. Fainali ya Ulster mara nyingi hupigwa Clones, kamji kadogo kuliko Manyoni yetu, na siku hiyo wanamiminika watu makumi ya maelfu. Fainali ya nchi inachezwa Croke Park, Dublin, uwanja unaoingiza watu zaidi ya 82,000, ambao ni wengi kuliko wa Mkapa.

"Sasa sikilizeni," nikasema. "Hakuna mchezaji hata mmoja anayelipwa mshahara. Kijana anaanza na klabu ya parokia yake, akiiva anachezea kaunti yake. Amecheza Jumapili mbele ya watu elfu themanini, Jumatatu yuko darasani anasahihisha madaftari, mwingine anakamua ng'ombe. Na wakifungwa, wanafungwa na watoto wao wenyewe, wanarudi nao nyumbani, wanawalaumu mezani wakati wa chakula. Hiyo ndiyo raha ya mpira! Mimi nikifungwa na mtu wa Dodoma aliyevaa jezi yangu, nimlaumie wapi? Nimfuate stendi?"

Kijiwe kikanyamaza. Katibu alikuwa ameinamia simu. Nilidhani ni aibu. Kumbe anatafuta.

"Mwalimu, mbona hapa wanasema New York inacheza jimbo la Connacht?"

"Inacheza nini?"

"New York. Ya Marekani. Na London nayo ipo. Wanasema mwaka 2023 New York waliwatoa Leitrim kwa matuta, mara ya kwanza kushinda tangu waanze."

Nikamweleza kwamba hao ni watoto wa Waairishi waliohama kutafuta maisha, na kwamba ni sawa na Wagogo wa Dubai kuja kushiriki Ligi ya Mkoa wa Singida, jambo ambalo mimi binafsi nisingelipinga.

"Na hawa wetu nao ni watoto wa watu, Mwalimu," akasema, akarudia karanga.

Fainali ilipangwa kuanza saa kumi. Kiingilio buku, na kwa buku hilo unapewa haki ya kusimama nyuma ya kamba. Turubai lilikuwa moja, chini yake viti vya plastiki vya wageni waalikwa, vimefunikwa vitambaa vyeupe ambavyo upepo wa Manyoni ulishavigeuza rangi ya udongo kabla ya saa tisa. Mistari ilichorwa kwa majivu. Ng'ombe alifungwa kwenye mti karibu na kona, anacheua, na mimi kati ya wote waliokuwepo uwanjani nilimuona yeye peke yake ndiye aliyejiandaa vya kutosha.

Mgeni rasmi alifika saa kumi na moja na robo. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu watu wangekosa cha kufanya kama angewahi. Itifaki ikazingatiwa. Akaongelea alizeti, akaongelea korosho, akaongelea mahudhurio shuleni, akasema mpira ni ajira, na hapo vijana wa basi la Dodoma wakapiga makofi kwa moyo wote. Alipokaa, jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa Itigi, ikabidi kila kipindi kikatwe kiwe cha dakika thelathini.

Kabla ya kuanza, kamisaa alipita na orodha kukagua majina. Nilikuwa karibu na kamba, nikasikia kila kitu. Akalitaja jina la mpwa wangu. Jibaba moja lenye ndevu likasema "Nipo."

"Jina la baba?"

Likafungua kiganja. Walikuwa wamemwandikia kwa kalamu ya bluu, lakini mtu huyu alikuwa ameshapasha misuli na jasho limefanya kazi yake. Akasoma la kwanza vizuri. La pili akalikohoa. Kamisaa akarudia swali. Shemeji yangu, baba mzazi wa jina hilo, alikuwa amesimama palepale pembeni yangu, na kwa kuwa ni mtu wa adabu na amesikia anatajwa, akaitikia: "Naam?"

Kamisaa akamtazama shemeji, akatazama ndevu, akatazama jua linavyozama. Akatia tiki.

Wapinzani nao hatukuwaona malaika. Kiungo wao mkabaji aliitwa kwa jina la kijana ninayemfahamu vizuri, fundi cherehani, aliyekuwa amekaa nyuma ya goli akiwa na magongo yake, anajishangilia mwenyewe. Straika wao na straika wetu walipokutana katikati walikumbatiana kwa furaha ya watu waliokaa siti moja kwenye basi. Kwenye kona ya kwanza beki wao akamrukia wetu kwa nguvu, na wetu akalalamika kwa sauti iliyofika mpaka kwenye turubai: "Oya, taratibu bwana, kesho si tuna mechi Kibaigwa!"

Mzawa pekee katika kikosi chetu alikuwa kipa, kwa sababu makipa wa kukodi ni ghali. Na hapo niligundua faida nyingine ya mamluki kwa wanaowaleta: hawatukaniki. Beki wa kulia alipitwa, akapigwa tobo, akapigwa kanzu, akakaa chini kabisa, na uwanja mzima ukamtukana kipa. Wangemtukana nani mwingine? Kipa ndiye tunayemjua mama yake.

Walitangulia kutufunga. Halafu jibaba la ndevu likapokea mpira kifuani, likawageuza mabeki wawili, likaachia mkwaju ambao kama goli lingekuwa na nyavu zingechanika. MC akakikamata kipaza sauti kwa mikono yote miwili na kulitangaza jina la mpwa wangu, la kwanza, la baba na la babu.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa amesimama kushoto kwangu, anamung'unya ubuyu.

Dada yangu, mama yake, alikuwa upande wa pili wa uwanja. Anajua fika mtoto wake hachezi. Asubuhi alimpikia uji yeye mwenyewe na kumpa pole. Lakini jina la mtoto likishatajwa kwenye spika, mama hana breki. Akapiga vigelegele, wenzake wakampokea, mmoja akavua khanga akamfunga kiunoni. Watu waliokuwa karibu nasi wakamgeukia mpwa wangu wakampa mkono. "Hongera sana," mzee mmoja akamwambia, bila utani wowote. Mpwa wangu akatema kokwa, akasema asante.

Bao la pili lilipoingia, lake tena, aliinua mkono kuwapungia mashabiki. Wakati wa mapumziko nilimkuta nyuma ya muuza miwa anawaeleza vijana watatu na msichana mmoja jinsi alivyofanya. "Nilishamuona kipa ametoka," alikuwa anasema. "Nikajisemea hapa hakuna haja ya nguvu."

Kipindi cha pili wakasawazisha, kipa akatukanwa tena, ikawa 2-2. Zikiwa zimebaki dakika chache, jibaba la ndevu likaangushwa ndani ya boksi, refa akapeta. Jibaba likamfuata. Sitayaandika aliyomwambia, lakini mama mkwe atakaposomewa sehemu hii afahamu kwamba yalimhusu mzazi wa kike wa refa na yalisikika kwenye viti vyeupe. Kadi nyekundu. Refa akatoa kikaratasi, akauliza jina, akaandika. Mpwa wangu akaacha kumung'unya.

Matuta yalipigwa gizani. Bodaboda zikaitwa, zikajipanga nyuma ya mpigaji, zikawasha taa zote kumulika goli, injini zinanguruma, vumbi limesimama kwenye mwanga. Tulipata manne. Wao walikuwa na matatu, limebaki moja. Mpigaji wao akageuka nyuma kidogo kujipanga, taa zikampiga machoni, akapiga mpira bila kuuona, na kipa wetu, mzawa, mtoto wa nyuma ya mashine ya kusaga, akaukumbatia tumboni. Uwanja ukaingiliwa. Walimbeba straika.

Straika, nawakumbusha, alikuwa ameshaoga na yuko na begi mgongoni.

Kuhusu ng'ombe ni fupi. Tulimpokea, tukapiga naye picha, mgeni rasmi akashika kamba upande mmoja na katibu upande wa pili. Usiku uleule vijana wa Dodoma wakadai chao, wote kwa pamoja, mlangoni kwa katibu, na wakasema basi haliwasubiri. Mchango wa kambi ulishaisha kwenye maboresho. Ng'ombe akauzwa kwa mwenye bucha kabla ya saa sita. Asubuhi nilipopita mgahawani nikamkuta ameandikwa kwa chaki ukutani: supu ya bingwa, bakuli elfu mbili. Nikanywa. Nilikuwa nimeshamchangia jogoo na elfu tano, sikuona sababu ya kususa kwenye elfu mbili za mwisho. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Barua ilikuja baadaye, imepigwa mhuri, imeandikwa kwa jina la mpwa wangu. Amefungiwa mechi tatu na kutozwa faini ya shilingi elfu ishirini kwa kumtolea refa lugha chafu. Shemeji akaja nayo kwangu akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Tukaenda kwa katibu.

"Si yeye aliyetukana," nikasema. "Wewe unajua, mimi najua, mpaka ng'ombe alijua."

"Ni kweli, Mwalimu. Kata basi rufaa. Andika kwamba mchezaji aliyetukana hakuwa yeye."

"Nitaandika."

"Ukiandika hakuwa yeye, maana yake tulimchezesha mtu asiye halali. Kombe linarudi. Ng'ombe anarudi." Akaniangalia. "Mwalimu, ng'ombe yuko wapi?"

Huyu mtoto, nasema tena, hesabu zilimshinda darasa la sita. Sijui amezijulia wapi.

Shemeji alitoa elfu kumi, mimi nikatoa elfu kumi. Risiti tulipewa, imeandikwa "faini ya utovu wa nidhamu", na dada yangu ameikataa isiwekwe ndani ya nyumba yake. Kuna binti wa upande wa stesheni ambaye wazazi wake walikuwa wameanza kutuzoea. Sasa wameuliza kwa mshenga kama ni kweli kijana wetu anatukana wazee. Mshenga akawajibu kwamba kijana hakuwepo hata uwanjani, na wao wakamuuliza: kwa hiyo yale mabao hayakuwa yake?

Wiki iliyopita mpwa wangu amepigiwa simu kutoka Bahi. Wana nusu fainali Jumamosi, kombe la mbuzi tu, lakini wanatafuta winga wa kulia mwenye mbio. Elfu thelathini, chakula, nauli ya kwenda na kurudi. Akaja kunieleza huku ametazama pembeni, akitegemea hotuba ya Ireland. Nilikuwa nayo tayari mdomoni, pamoja na nyuki wa Liti.

"Utaitwa nani huko?" nikamuuliza.

Akanifungulia kiganja. Walikuwa wameshamtumia kwa meseji, na yeye ameshaanza kufanya mazoezi ya kuliandika, kwa kalamu ya bluu.

Nikaingia chumbani nikamtolea makapeni yangu ya zamani ya kuandikia chati za darasani, nyeusi, ya wino usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Nikamwambia aandike na la babu. Nauli ya kwenda nimemkopesha, na ya jogoo tutazungumza akirudi.